Nauli ya Mtu Hai

Dada yangu alikuwa ameshalipiwa safari yake ya mwisho, na cheti kilikuwa ukutani. Naanzia hapo kwa sababu kila ninayemsimulia habari hii huniuliza kwanza kama tulikuwa tunadaiwa. Hatukudaiwa. Tulilipa kila mwezi kwa miaka mitatu, mimi na yeye, tukamaliza, na kampuni ya mazishi ikatutumia ujumbe wa kutupongeza kana kwamba tumejifungua mapacha.

Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka Kiseke, hapa Mwanza, ninapoishi, kwenda kisiwani Ukerewe, tulikozaliwa. Mtu wa kwetu akifa mjini hurudishwa. Sijui nani alianzisha, mimi nimekuta hivyo. Unaweza kukaa Mwanza miaka hamsini, ukajenga, ukasahau hata njia ya kwenda kisimani kwenu, lakini siku ukikata roho watu wanaanza kuulizana habari za boti. Dada alikuwa na neno moja tu juu ya jambo hilo: alitaka alazwe upande wa kushoto wa mama. Upande wa kulia yupo baba, na dada alisema baba alikuwa anakoroma sana, hawezi kwenda kuanza kumsikiliza tena.

Ni mkubwa kwangu kwa miaka ambayo hatujawahi kuihesabu sawasawa. Aliolewa upande wa Mara, hakujaliwa mtoto, mume akatangulia, na shemeji zake wakaanza kumtazama kila akinawa mikono kwenda kula. Akaja kwangu na sanduku moja la bati. Nilimwambia karibu, akasema hajaja kukaribishwa, amekuja kukaa. Tangu siku hiyo nyumba ikawa yake, mimi nikawa kama mpangaji anayelipa kwa kusikiliza.

Mimi kazi yangu ni kutia masufuria vitako vipya. Nina kibanda Mkuyuni, sokoni. Mama anakuja na sufuria iliyotoboka, nakata kile kitako, nakunja bati jipya, nagonga, inarudi kupika maharage miaka mingine. Shule nilifika darasa la tatu, la nne nililiona dirishani. Kusoma najua, ila polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwa hiyo haya ninayoandika, ukiona mahali nimeruka, ujue jiwe lilikuwa mbali.

Ngoja niseme kwa nini niliingia kwenye kampuni, maana watu wanadhani nilidanganywa. Sikudanganywa mwanzoni. Mke wangu alipofariki nilimpeleka kisiwani kwa boti ya mizigo. Meli siku hiyo ilikuwa imeharibika, na mwenye boti alitaka pesa ya maiti, ambayo siyo pesa ya mtu. Mtu hai hulipa nauli. Maiti hulipiwa kama vile amekodi chombo kizima, na bado nahodha anataka kuku. Nilikubali. Boti ilikuwa imeshusha dagaa asubuhi hiyo hiyo. Tulipofika, wakwe zangu walilia kwanza, halafu wakanusa. Shemeji yangu mmoja alifungua madirisha yote. Nilimzika mke wangu akinuka dagaa. Jambo hilo lilinikaa.

Basi alipokuja yule kijana wa kampuni na picha za gari jeusi lenye vioo na maua ndani, nasema ukweli, nililitaka lile gari. Nililitaka kama kijana anavyotaka pikipiki.

Alikuwa kijana safi, amevaa tai kwenye jua la Kiseke. Alisema kampuni inamchukua marehemu popote alipo, inampeleka popote kwao, kanda nzima ya ziwa, na jeneza, na gari, na chombo cha majini pale inapohitajika. Ukimaliza miaka mitatu hulipi tena mpaka ufe, na ukifa ndiyo kabisa. Dada akamuuliza, "Hata Ukerewe?" Akasema, "Bibi, Ukerewe ndiyo kwanza." Akaandika kwenye fomu mbele yetu, mahali pa maziko, Ukerewe, kwa herufi kubwa ambazo hata mimi nilizisoma bila kusimama.

Dada akaenda jikoni akampikia sato. Hapa ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa kwetu peke yao, mtu wa bara asingelifanya. Kwetu mkiafikiana jambo kubwa, la posa au la shamba, mgeni anapewa kichwa cha samaki. Akikila, neno limefungwa. Hakuna kurudi wiki ya pili kusema mambo yamebadilika. Mtu aliyekula kichwa kwako akigeuza neno, haolewi wala haoi ukoo wenu, na watoto wake wanaambiwa. Yule kijana alikila chote. Alinyonya mpaka macho. Dada aliporudi na sahani aliniambia, "Mdogo wangu, imeisha hiyo." Ndiyo maana mkataba wenyewe hatukuusoma. Ulikuwa na kurasa nyingi, tukaona hata kijana mwenyewe hajali, kichwa cha sato kinatosha. Hatukufikiri kwamba aliyekula ni kijana, na kampuni ilikuwa haijaonja kitu.

Na mimi nikafanya la pili. Nikajitoa kwenye chama cha kuzikana cha mtaani. Chama hicho nilikuwamo tangu Kiseke ikiwa vichaka. Mwenzenu akifiwa, kila nyumba inatoa unga na kuni, wanaume wanachimba au wanatafuta gari, wanawake wanapika, asiyefika anatozwa. Kinachosha. Unaweza kuzika mara mbili kwa wiki, na watu wengine, Mungu anisamehe, wanakufa siku za soko. Nikasimama kwenye mkutano nikasema mimi sasa nina kampuni. Nikaonyesha na picha ya gari. Mama mwenyekiti, ambaye anauza mandazi kona ya kwetu, aliitazama ile picha kwa muda, akasema, "Gari zuri. Litalia?" Watu wakacheka. Nikaondoka nimeudhika.

Miaka mitatu ikapita. Siku tulipomaliza, cheti kikaja, dada akakipigia misumari karibu na kalenda. Wageni wakija anawaonyesha. "Mimi nimeshapanda," anasema, "nasubiri tu liondoke." Alikuwa na furaha ya mtu mwenye tiketi. Hata kuumwa kwake kulipungua makali. Usiku miguu ikimuuma alikuwa anasema wacha iume, haitatembea tena safari ndefu.

Ujumbe ulikuja mchana, nikiwa kibandani nimebana sufuria katikati ya magoti. Jirani yangu wa kibanda ni fundi baiskeli, mtu wa Sengerema, anayejua kusoma haraka na hana adabu. Nikampa simu anisomee.

Akasoma kwa sauti ya redio. "Ndugu mteja wetu mpendwa. Tunaboresha huduma. Kuanzia sasa usafiri wa marehemu utahusu maeneo yote yanayofikika kwa barabara. Gharama za usafiri wa majini zitabebwa na familia. Vigezo na masharti kuzingatiwa. Asante kwa kuendelea kutuamini."

"Rudia hapo pa barabara," nikamwambia.

Akarudia. Halafu akaanza kucheka mpaka akakalia gurudumu la mtu. "Mzee, si unaona? Sisi wa Sengerema tumejengewa daraja pale Kigongo, tunapita juu kama ndege. Nyie wa kisiwani itabidi maiti zenu zijifunze kuogelea."

"Unacheka msiba?"

"Msiba uko wapi? Bibi si yupo, jana kanitukana hapa hapa."

Nilikuwa nafikiri habari za Kigongo, ambako ujanani nilibeba mizigo. Magari yalikuwa yanapanga foleni kusubiri kivuko, na tajiri akichelewa na sisi akina fulani tunachelewa, wote tunakula mahindi ya kuchoma ya mama yule yule. Maiti ikija, kila mtu anaipisha, hata waziri. Ilikuwa inapanda kwanza. Sasa kuna daraja na hakuna anayesubiri, jambo jema, mimi silipingi. Ila sikuwahi kudhani daraja la watu wengine linaweza kuja kunitoa mimi kwenye mkataba.

Dada sikumwambia siku hiyo. Wala kesho yake. Siku ya tatu akaniambia, "Sema. Unatafuna ugali kama unatafuna kamba." Nikasema. Akauliza ofisi yao inafunguliwa saa ngapi.

Ofisi iko mjini, ghorofa ya pili. Ngazi zile alizipanda kwa kusimama kila baada ya tatu, na kila aliposimama aliniuliza kama hawa watu wanawauzia wazee au wanawinda wazee. Tulimkuta binti mmoja nyuma ya meza, mpole, kavaa vizuri. Akasimama.

"Shikamoo baba. Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu," dada akasema, akakaa. "Wewe ndiye uliyeihamisha Ukerewe?"

"Haijahamishwa bibi."

"Bado iko majini?"

"Iko majini."

"Basi ilikuwa majini na siku ile mlipoanza kupokea hela zetu."

Binti akatazama kompyuta yake. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alitafuta majina yetu, akayapata, akatugeuzia kioo tuone. "Ni kweli bibi. Imeandikwa hapa, mahali pa maziko, Ukerewe. Na mmemaliza malipo yote. Hamna tatizo lolote."

"Basi tunaenda nyumbani," dada akasema.

"Lakini masharti yamebadilishwa."

"Na nani?"

"Na kampuni."

"Sisi tukiwa wapi?"

Binti akafikiri. "Mlitumiwa meseji, bibi."

"Meseji ilikuwa ya kutuambia. Mimi nauliza tulikuwa wapi mlipokuwa mnakubaliana."

Binti akatoa mkataba, akafungua ukurasa wa karibu na mwisho. Palikuwa na maneno madogo kama mayai ya chawa. Akatusomea kwamba kampuni inaweza kurekebisha masharti wakati wowote, na mteja atahesabiwa kuwa amekubali. Nikamuuliza swali ambalo nililiandaa njia nzima. Nikasema, "Binti yangu, sisi tumeshamaliza kulipa. Hatuna tunachofanya tena isipokuwa kusubiri kufa. Tumekubali kwa kufanya nini?"

"Kwa kutojitoa, baba."

"Tukijitoa tunarudishiwa?"

"Aliyemaliza harudishiwi, baba."

Nikamtazama dada. Dada akatazama dirishani, kwenye maji. Kutoka pale ziwa lote linaonekana, na mawe yake, na meli imefunga gatini.

Binti akasema kampuni imefikiria. Gari litamchukua bibi nyumbani na litamfikisha mpaka bandarini, na maua yake. "Kutoka pale familia inaendelea."

"Yaani mnanishusha gatini kama gunia la dagaa."

"Hapana bibi. Au tunaweza kukuhifadhi hapa hapa Mwanza. Kuna makaburi mazuri sana, yana ukuta."

"Hapa namjua nani huko chini?" dada akauliza.

Binti akaufunga mkataba. Dada akauliza jambo moja la mwisho. "Yule kijana wenu mwenye tai, aliyekuja kwangu, yuko wapi?"

"Alishaacha kazi, bibi."

"Akija, mwambie kichwa cha sato kinadaiwa."

Tukashuka. Ngazini alikuwa ananishika bega. Nilidhani atalia au atatukana, na kwa matusi yake nilikuwa tayari. Hakufanya hata kimoja. Alinunua karanga nje, akala mpaka Kiseke.

Jioni ile nilimeza aibu nikaenda kwa mama mwenyekiti. Alikuwa anachekecha unga wa mandazi, anautoa wadudu. Nikamwamkia kwa heshima kuliko siku zote, akajua nina shida.

"Karibu mtu wa kampuni," akasema.

Nikaeleza yote. Nikasema nataka turudi chamani, mimi na dada, tutoe kiingilio upya, na kama dada akiitwa, chama kitusaidie boti. Alisikiliza bila kuacha kuchekecha.

"Kiingilio tutapokea," akasema. "Ila sheria unaijua. Aliyejitoa akirudi anazika wenzake mwaka mzima kwanza ndipo na yeye aanze kuzikwa."

"Naijua."

"Unaijua kwa sababu ni ya kwako. Wewe ndiye uliyesimama, mkutano ule wa mvua, ukasema watu wanaingia chamani wakiona mgonjwa wao amezidiwa, wanazikiwa, wanatoka. Ukasema mwaka mmoja. Tukanyoosha mikono."

Nilikuwa nimesahau. Kumbe ni kweli, na nilisema kwa ukali sana siku hiyo, nikimlenga mtu mmoja ambaye sasa ni marehemu na alizikwa vizuri tu.

"Haiwezi kulegezwa kidogo? Dada ni mzee."

"Shemeji," akasema, maana yeye na marehemu mke wangu walikuwa wanaitana dada, "nikiigeuza leo kwa ajili yako, kesho nitaigeuza kwa mwingine. Halafu na mimi nitafute gari lenye vioo." Akaniwekea mandazi mawili kwenye karatasi. "Njoo Jumamosi. Kuna msiba mtaa wa juu. Utachota maji."

Nikarudi nyumbani nikamweleza dada: mwaka mmoja. Akasema mwaka ni mrefu kwa mtu ambaye hanunui tena kanga ya pili. Akalala mapema. Siku mbili hakuongea sana, na mtu asiyeongea katika nyumba aliyozoea kuijaza maneno anatisha kuliko mgonjwa. Nilikuwa naamka kusikiliza kama anapumua. Nikimkuta anapumua nakasirika, sijui kwa nini, kama vile amenidanganya.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta uani anatoa mawe kwenye mchele.

"Nauli ya meli siku hizi ni kiasi gani?" akauliza.

"Ya maiti?"

"Ya mimi."

Nikamwambia. Akatoa jiwe moja, akalitupa. "Hiyo haijapanda?"

"Imepanda kidogo, ya watu wote."

"Ya watu wote sina neno." Akatoa jiwe lingine. "Sikiliza mdogo wangu. Nikifia hapa mimi ni mzigo, kila mtu ananipangia bei. Nikipanda leo mimi ni abiria. Nitakaa dirishani."

Nikaanza kumpinga. Nilisema mengi, na mengine hayakuwa na maana. Nilisema hospitali, akasema hata kule ipo, na dawa yake ni ile ile ya miguu. Nilisema nyumba ya mama ilishaanguka, akasema mtoto wa kaka yetu yupo palepale, ana nyumba ya bati na deni la kumlea shangazi yake. Nilisema atakuwa mpweke. Hapo akaacha mchele.

"Sema wewe ndiye utakayekuwa mpweke."

"Basi ndiyo hivyo."

"Najua," akasema. "Lakini wewe una masufuria."

Tuliondoka wiki ile ile. Wanawake wa chama walipata habari wakaja kuaga, na kwa kuwa wamezoea kuingia nyumba za watu kwa sababu moja tu, walikuja na unga, na mmoja wao akaanza kuimba zile nyimbo zao. Dada akatoka na fimbo. "Nani amekufa hapa? Nyimbo hizo zirudisheni, unga uacheni." Wakacheka, wakaacha unga. Mama mwenyekiti alimfungia mandazi ya njiani, akamshika mkono muda mrefu.

Kwenye sanduku la bati aliweka kanga zake, Biblia, dawa, na shuka jeupe jipya alilonunua zamani kwa kazi unayoijua. Cheti alikiacha ukutani. Nilimuuliza kama anakitaka, akasema kinaziba ufa.

Bandarini mkata tiketi, mwanamume wa makamo, alimuuliza, "Bibi unaenda na kurudi?"

"Kwenda tu."

"Kurudi ukikata sasa hivi hupati usumbufu."

"Baba, hata mimi sipendi usumbufu. Ndiyo maana naenda tu."

Akakaa dirishani kama alivyosema. Ziwa lilikuwa tulivu, na palikuwa na watu wengi wenye vifaranga na magodoro. Alizungumza na kila mtu. Aliwaambia abiria wote wa upande wetu kwamba anakwenda kufa, kwa sauti ya mtu anayekwenda harusini, na mama mmoja mwenye vifaranga alishtuka akahama kiti. Nilikuwa napiga hesabu ya mwisho kichwani, kwamba tumempa yule mkata tiketi noti mbili tu, na dada amefika mbali kuliko miaka mitatu ya kampuni ilivyomfikisha.

Kwenye gati ya Nansio, kisiwani, mtoto wa kaka alikuja kutupokea na baiskeli. "Shikamoo shangazi, shikamoo baba mdogo." Ni mtu mzima sasa, ana mvi, ila akimwona dada anakuwa kama ana miaka saba. Alitaka ampakie nyuma. Dada akakataa, akasema sanduku ndilo lipande, yeye atatembea, na akishindwa watasimama. Tulisimama mara nyingi. Tulifika jua limeegemea.

Hakuingia ndani kwanza. Alikwenda nyuma ya nyumba, yalipo makaburi, na mimi nikafuata, na mtoto wa kaka akafuata akijikuna shingo. Nikaona kwa nini anajikuna. Kaburi la mama lipo, la baba lipo, yamezungushiwa mawe. Lakini kushoto kwa mama, mahali penyewe, palikuwa na muhogo. Muhogo mzuri, umepita kiuno.

Dada akausimamia. "Hiki nini?"

"Muhogo, shangazi."

"Nauona. Nauliza unafanya nini kitandani kwangu?"

"Shangazi, udongo wa hapa una rutuba, na wewe ulikuwa Mwanza. Sikujua utakuja lini. Tuliambiwa mna kampuni."

"Uling'oe."

"Bado haujakomaa, shangazi. Huu unataka mwaka."

"Mwaka!" dada akasema, akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayeugawa mwaka huko duniani. Akaweka fimbo chini, akashika shina moja kwa mikono miwili, akavuta. Halikutoka. Mtoto wa kaka akamsaidia, nami nikashika, likatoka likiwa na vimizizi vyembamba kama vidole vya mtoto. Tukang'oa yote mpaka pakawa patupu. Halafu dada akapima kwa hatua zake, urefu na upana, akaweka jiwe kila kona, akaridhika, akaomba maji ya kunywa.

Mtoto wa kaka alikuwa anautazama ule udongo uliofunguka, mweusi, mzuri. Mtu anayelima hawezi kuuona udongo wa namna hiyo umekaa bure.

"Shangazi," akasema polepole, "sasa kama bado upo, na Mungu akupe siku, hapa si patakaa majani tu?"

Dada akanywa maji yake mpaka mwisho. Akakitazama kile kiwanja chake chenye mawe manne.

"Otesha viazi," akasema. "Vile vya miezi mitatu. Muhogo hapana. Na kabla hujaotesha vingine unakuja kuniuliza."

"Nitakuuliza, shangazi."

"Unaniuliza mimi mwenyewe. Usinitumie meseji."

Nilikaa kule siku nne, nikarudi Mkuyuni. Jumamosi nachota maji kwenye misiba ya watu, mwaka wangu unakwenda. Dada yupo. Ananipigia simu Jumapili baada ya kanisa kulalamika kwamba kisiwani watu wanalala mapema na hakuna wa kugombana naye. Viazi wamevuna mara mbili, na mara zote mbili aliulizwa kwanza.